Washa Iliyobaki Kikombeni

Wenzangu wa gereji, tangu niwaachie funguo nimekuwa nikikaa kwenye kibaraza changu hapa Base Camp, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, kama mtu aliyeajiriwa kukaa, na kazi hii naifanya vizuri kuliko ile ya kwanza. Mliniomba niandike yale ninayoyakumbuka kabla sijayasahau. Nimeandika. Someni mkiwa mmenawa mikono, daftari ni jipya.

Lini niliitwa fundi mdogo na lini niliitwa fundi mkuu sitasema, maana hata siku niliyopandishwa nilifagia gereji vilevile. Nitaanza na ufagio wenyewe.

Siku ya kwanza nilifika gereji ya Kakoba, mjini Mbarara, nikiwa na cheti cha sekondari kutoka Uvira na viatu vya kanisani. Bwana wa gereji alikuwa Afande Tumwine, mtu aliyetengeneza malori ya kambi ya jeshi mpaka akastaafu, kisha akafungua gereji ili aendelee kuwagombeza watu. Aliniuliza najua nini. Nikamweleza kanuni ya nyenzo, kama nilivyoisoma darasani: egemeo, mzigo, nguvu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akanipa ufagio.

“Hii pia iko nyenzo,” akasema. “Shika kwa huku.”

Nilifagia miezi. Nilipoanza kushika spana, alinifundisha mambo mawili ambayo ninyi pia nimewachosha nayo. La kwanza ni waya. Kila kitu unachokitoa kwenye gari, nati, springi, washa, unakitunga kwenye waya kwa mpangilio ule ule uliokitoa, halafu unautundika waya kwenye msumari. Unaporudisha, unatoa kimoja kimoja kuanzia cha mwisho.

“Ukimaliza kazi, waya inabaki uchi,” Afande alisema. “Kama iko na nguo, wewe hukumaliza.”

La pili ni kiti. Yeyote aliyefunga usukani wa gari anapanda kiti cha mbele, pembeni ya dereva, safari ya kwanza. Si kuzunguka ua. Safari yenyewe, hadi gari linakokwenda. Mara ya kwanza nilipofunga usukani wa lori, Afande alinifungulia mlango kwa heshima zote, kama mtu anayemkaribisha askofu.

“Panda mbele. Kama inatoka, inatoka na wewe.”

Nilikwenda Isingiro na kurudi nikiwa nimeshika dashibodi kwa mikono miwili. Dereva aliniuliza kama najaribu kuing’oa.

Hapo lazima nikiri jambo ambalo wengi wenu mlilijua mkawa mnalicheka nikigeuka. Mimi ni fundi wa magari nisiyependa kusafiri. Watu wakisikia hivyo huinamisha vichwa, hudhani ni kwa sababu ya vita na njia tuliyokuja nayo. Sivyo. Hata kabla ya vita nilikuwa mtu wa nyumbani. Napenda kiti changu, kikombe changu, na ukuta ninaoujua. Gari nalipenda likiwa limesimama, limefunuliwa boneti, halina pa kwenda.

Kwa hiyo nilipofungua gereji yangu hapa Base Camp, karibu na soko, ile kanuni ya kiti ilianza kupungua taratibu. Kwanza safari ya kwanza ikawa hadi njia panda. Halafu ikawa hadi kwenye zahanati. Mwishowe ikawa mzunguko mmoja wa soko, kisha nashuka, naaga, narudi kwenye chai. Hakuna aliyenipinga kwa sababu bosi nilikuwa mimi. Mama Furaha tu, mke wangu, ndiye aliyekuwa akinisema.

“Weye unatengenezaka bintu bya kutembea,” alikuwa akiniambia, “lakini weye mwenyewe hautembeake. Uko sawa vile nguzo ya simu.”

Tulipopata mjukuu wa kwanza, maneno yakaongezeka. Binti yetu Furaha anaishi Kakoba, si mbali na gereji niliyofagia. Alijifungua mtoto wa kike. Mama Furaha alikwenda siku ile ile. Mimi nilisema nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa na mvua, inayofuata ikawa na kazi, na mtoto akafikisha miezi minne akimjua babu yake kwa picha ya simu.

Ndipo likaja lori la Afande.

Afande alikuwa tayari mzee, amehamia kwao Ngarama, na kwa uzee wake alijinunulia lori la zamani lenye pua ndefu, la aina ile ile aliyokuwa akiitengeneza kambini. Dereva wake ni Deo, Mrundi, mtu mpole mwenye rozari kwenye kioo na kitambaa cha kujifutia jasho mabegani. Jasho lilikuwa na sababu yake. Aliyekuwa na lori kabla ya Afande alitoa usukani wake mkubwa, akaweka kausukani kadogo kenye sponji, ka gari la vijana wanaopenda kelele. Kalikuwa kazuri machoni. Lakini lori hilo halina kitu cha kumsaidia dereva kukata kona. Msaada wake ulikuwa ukubwa wa usukani wenyewe. Ukiupunguza, unamwachia dereva kazi yote. Nyenzo, kama nilivyomweleza Afande siku ile ya ufagio. Bega la Deo lilikuwa limevimba.

Afande akatafuta usukani wa mtindo wa asili, mkubwa, mwembamba, wenye mikono miwili, akaupata kwa wauza vyuma chakavu Mbarara, akanitumia pamoja na waya aliotunga kwa mkono wake: kifuniko cha honi, springi, nati, washa. Washa hiyo nitaieleza kwa ajili ya mwanafunzi wa mwisho, yule aliyekuwa akisinzia. Ni kile kibati cha duara kinachokaa chini ya nati. Hii ilikuwa na ulimi. Ukishakaza nati, unaupinda ulimi ule juu yake kwa nyundo ndogo, na nati haiwezi tena kujifungua hata barabara ikitikisika namna gani. Ni kitu kidogo kama biskuti. Ndicho kinachoushika usukani usibaki mikononi mwa dereva.

Usukani ulikuwa na nyufa. Fundi mwenye akili angeutengenezea gereji. Mimi, kwa kuwa napenda nyumbani, niliubeba hadi kibarazani na waya wake. Nilijaza nyufa kwa gundi ya chuma, nikasugua kwa msasa siku tatu, nikapaka rangi nyeusi mara mbili, Mama Furaha akilalamika kwamba nguo zake kwenye kamba zimekuwa za msiba. Washa ilikuwa na kutu. Nikaitoa kwenye waya, nikaitumbukiza kwenye mafuta ya taa ilainike. Chombo kilichokuwa karibu kilikuwa kikombe changu cha bati.

Jumamosi asubuhi lori lilisimama gerejini likiwa tayari lina watu. Kwaya ya Warundi wa hapa ilikuwa ikienda Mbarara kuimba kwenye upadirisho, na Afande alikuwa amewakubalia lori. Wanawake walikuwa wamevaa vitenge vya aina moja, ngoma zimepangwa nyuma, na watoto wawili watatu wamelala juu ya mabegi. Mama Furaha naye alikuwa amepata nafasi ya kwenda kumwona mjukuu. Alisimama mlangoni mwa gereji na furushi lake.

“Leo tunaenda bote,” akasema. “Deo aliniambia ile sheria yenu. Fasi ya mbele ni yako.”

Nikasema ndiyo, ndiyo, ngoja nimalize.

Nilimaliza namna hii. Nilinyoosha magurudumu ya mbele, nikaweka alama ya chaki, nikakang’oa kale kausukani kadogo na kila kilichokashika, nikavitunga vitu vyake kwenye waya wa pili, nikautupia mezani. Mikono yangu ilikuwa kazini. Kichwa hakikuwa kazini. Kichwa kilikuwa kinatunga malaria. Kilikuwa kinajiuliza nianze na kichwa kuuma au na baridi, na kama Mama Furaha atanishika paji la uso mbele ya watu. Nikauweka usukani mkubwa kwenye meno ya shafti, ukakaa sawa kabisa na alama. Nikanyoosha mkono kutafuta washa, nikagusa washa, nikaichomoa, nikaiweka. Nati juu yake, nikakaza. Springi, kifuniko, honi ikalia, watoto wakaamka. Nikautazama waya wa Afande. Ulikuwa uchi.

Tulizunguka soko mara moja, Deo akicheka kwa raha kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyombana.

“Muzee, bega langu linakushukuru!”

Nikashuka. Nikajikunja kidogo. Nikasema nasikia baridi.

Mama Furaha hakunigusa paji la uso. Alinitazama tu, tena bila kukasirika, na hilo ndilo lililonichoma baadaye. “Sawa,” akasema. “Nitakaa fasi yako.” Akapanda mbele, akaweka furushi magotini, lori likaondoka na ngoma zikaanza.

Nilirudi nyumbani. Nilikaa kwenye kiti changu. Nyumba ilikuwa kimya, nami nilijisikia mzima kuliko siku zote. Mama Furaha alikuwa ameniachia chai kwenye chupa. Nilichukua kikombe changu cha bati, pale kilipokuwa nyuma ya mlango, nikamimina bila kukitazama, nikanywa funda la kwanza.

Chai ilikuwa na ladha ya taa. Nikaitema. Na nilipokiinamisha kikombe nimwage, kitu kikagonga bati ndani yake.

Niliisikia sauti hiyo kabla ya kukiona kitu chenyewe. Nilikitoa kwa vidole viwili. Kilikuwa kisafi, kinang’aa, ulimi wake umenyooka kama siku kilipotengenezwa.

Sasa kumbukumbu ikarudi kimoja kimoja, kama vitu kutoka kwenye waya. Washa niliyoigusa mezani ilikuwa ya kausukani kadogo: bapa, tundu lake pana, haina ulimi. Sikumbuki kupinda ulimi wowote kwa sababu hapakuwa na ulimi wa kupinda. Waya wa Afande ulibaki uchi kwa sababu nilikuwa nimeuvua mwenyewe nyumbani kwangu. Nati ile ilikuwa imeshikwa na nguvu ya mkono wa mtu aliyekuwa akijifanya mgonjwa, na mbele yake ilikuwa barabara ya vumbi, mawe, na ile miteremko ya kabla ya Isingiro.

Nikampigia Deo. Simu imezimwa. Ndani ya lori lile kuna maandishi mekundu juu ya kioo: DEREVA ZIMA SIMU. Niliyaandika mimi, na nilikuwa nimemgombeza Deo mara mbili kuhusu hilo.

Nikampigia Mama Furaha. Akapokea, na nyuma yake kulikuwa na ngoma na watu thelathini wakiimba aleluya.

“Mwambie Deo asimame!”

“Sisikie!”

“ASIMAME! Usukani!”

“Sisikie kintu! Kama ni chakula, iko mu sufuria!” Akakata. Nilipopiga tena, mtandao haukuwepo.

Nilichukua soketi na spana ndefu, nikavifunga ndani ya shati la kazi, nyundo ndogo nikaichomeka kiunoni. Washa nikaitia mfuko wa kifuani, nikafunga kifungo. Nikakimbia barabarani na kandambili, mimi huyu, nikasimamisha boda.

“Mzee, twende wapi?” akauliza dereva, Mnyankore mwenye koti zito.

“Mbarara. Kuna lori mbele.”

“Limekuibia?”

“Limembeba mke wangu.”

Akanitazama kandambili, akanitazama nyundo. “Ssebo,” akasema kwa heshima ya kwao, “hiyo nyundo ni ya nani?”

Nikamwambia ukweli wote kwa pumzi moja. Hakuuliza tena. Alikwenda kwa kasi ambayo siku nyingine ningeshuka nikatembea kwa miguu. Kila baada ya dakika chache nilipeleka mkono kifuani kugusa washa, na kila nilipoachia kiti kuigusa, nilikaribia kuanguka. Nilikuwa nikitazama ukingo wa barabara, upande wa bonde. Nilitafuta alama za matairi yanayotoka nje. Nilijikuta nahesabu vitenge vya kijani kila penye watu, kijani kwa sababu ndicho Mama Furaha alichokivaa.

Kwenye kona moja ya mteremko tulikuta watu wamekusanyika, wengi, wanatazama chini. Sikuweza kuuliza. Dereva wa boda ndiye aliyepunguza mwendo, akauliza kwa Kinyankore, akajibiwa, akaongeza mwendo.

“Ni nini?” nikasema mgongoni mwake.

“Ng’ombe ameingia kwenye shamba la mtu.”

Tulilipata lori kwenye kituo kidogo cha biashara kabla ya Isingiro mjini. Lilikuwa limesimama chini ya bango la simu. Wanakwaya walikuwa wamezunguka jiko la mkaa wakinunua gonja, zile ndizi za kuchoma. Deo alikuwa ameegemea gurudumu, anakunywa soda. Mama Furaha alikuwa bado kwenye kiti cha mbele, furushi magotini, dirisha wazi.

Aliniona nikishuka kwenye boda, kandambili moja mguuni, nyingine sijui ilibaki kilima gani.

“Baba Furaha,” akasema polepole, “malaria yako inakimbiaka hivi?”

 Nilipanda upande wa dereva, nikabandua kifuniko cha honi, nikatoa springi. Sikuhitaji spana. Niliishika nati kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada, na ikazunguka kama kizibo cha chupa.

Deo alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliona. Niliisikia pumzi yake ikikatika.

“Yampayinka,” akashangaa kwa Kirundi. “Muzee. Usukani ulianza kucheza kidogo, pale kwenye mteremko. Nikasema ni kwa sababu ni mkubwa, sijauzoea. Ndiyo maana nikasimama. Nilitaka kupumzisha mikono.”

“Ulitaka kuendelea lini?”

“Nikimaliza soda.”

Tuliitazama chupa wote watatu. Soda ilikuwa imebaki vidole viwili.

Nilitoa ile washa bapa. Nikafungua kifungo cha mfuko, nikaweka yenye ulimi. Mama Furaha alinishikia usukani usigeuke wakati nakaza, bila kuambiwa. Nilikaza kwa spana ndefu na uzito wa mwili wangu wote. Nikapinda ulimi kwa nyundo, mapigo manne madogo. Nikarudisha springi na kifuniko. Kisha nikawaambia, kwa sauti ambayo wanakwaya wa karibu waliisikia, kwamba sikuwa na malaria, kwamba niliogopa safari, na kwamba nilipokuwa nikitunga uongo ndipo nilipokosea washa.

 Deo alivua rozari kwenye kioo, akaibusu, akairudisha.  Mama Furaha akasogea katikati ya kiti, akapigapiga nafasi iliyobaki pembeni ya mlango.

“Fasi yako,” akasema. “Panda. Na usiniguse, ningali nakasirika.”

Kabla hatujaondoka nilimpigia Afande Ngarama. Ningeweza kunyamaza, asingejua. Lakini lori ni lake, na waya alitunga yeye. Nikamsimulia kikombe, washa, vidole viwili. Nikasubiri kugombezwa kama siku za Kakoba. Nilitamani anigombeze.

“Sasa wewe iko wapi?” akauliza.

“Niko ndani ya lori, Afande.”

“Kiti gani?”

“Cha mbele.”

“Basi,” akasema. “Endelea.” Akakata simu.

Sitawadanganya kwamba niliizoea safari siku ile. Niliitazama nati kupitia kifuniko chake njia nzima, kama mtu anayeweza kuona ndani ya chuma. Kila kona nilibana pumzi. Nyuma waliimba, nadhani kwa makusudi, nyimbo zote zenye kutaja mauti. Lakini usukani ulikaa. Tangu siku hiyo hadi nilipowaachia funguo, kila lori nililofunga usukani nilipanda nalo hadi linakokwenda, naogopa vilevile. Ninyi mlinikuta na tabia hiyo mkadhani ni ushujaa. Sasa mnajua. Na kile kikombe cha bati kilicho juu ya rafu yenu, msikitupe, wala msikinywee. Hakijaacha kunuka.

Lori lilitushusha Kakoba mchana. Nilitembea na kandambili mguu mmoja tu nyuma ya mke wangu ambaye bado hakutaka niguse hata furushi lake. Furaha alifungua mlango akiwa na mtoto begani. Akamwona mama yake, akatabasamu. Akaniona mimi, vumbi kichwani hadi miguuni, nyundo kiunoni, na tabasamu likamtoka. Akamkumbatia mtoto kwa nguvu.

“Papa?” akasema. “Nani amekufa?”

Nikasema hakuna. Hakuna aliyekufa. Ilibidi niseme mara tatu kabla hajalegeza mikono yake kwa mtoto, na katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kumpa mtu ripoti nzuri kuliko hiyo.